Mahindi ya Serikali yauzwe hata kwa kilo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie chakula cha kaya maskini hapa Moshi.

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Serikali, kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, imekuwa ikitoa ruzuku ya fedha kila baada ya miezi miwili. Inasaidia, na nawashukuru walioubuni mpango huo. Lakini mahindi yakipanda bei, ruzuku haipandi. Jirani yangu, bibi anayelea wajukuu, akipokea hukimbilia kwanza kulipa deni la unga dukani, na jioni hiyo hiyo anaanza kukopa upya.

Serikali ina njia nyingine. Bei ilipopaa mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023, NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ilitoa mahindi ya akiba yauzwe chini ya bei ya soko. Hatua njema kabisa. Kinachonisumbua ni kipimo: mama anayefua nguo za watu kwa ujira wa siku ataitoa wapi hela ya gunia? Sokoni Mbuyuni hununua sado moja, mara nyingine nusu, basi.

Ombi langu, mahindi hayo yakija tena yafikishwe ofisi za mitaa na yapimwe kwa kilo, wanufaika wa TASAF wakitangulia. Majina yao yanajulikana, maana yalipitishwa kwenye mkutano wa mtaa. Wazee wasioweza kutoka wapelekewe nyumbani. Mjumbe anawajua mmoja mmoja.

Mkazi wa Pasua,
Moshi