Kofia ya Viua Ikishalowekwa Jiki

Kila Idi ikikaribia, maneno dukani kwetu, tunakofua na kutengeneza kofia za viua, yaani za mkono zenye vitundu vilivyozungushiwa uzi, ni yale yale: "Kofia yenyewe kuukuu, kuisafisha tu, mbona unataka bei ya kofia mpya?" Safari hii yamezidi, kwani kuna mteja anasema barazani kuwa tumemharibia kofia ya marehemu babu yake. Basi tueleze.

Kofia ile ililetwa nyeupe pe, imesimama kwa wanga. Weupe huo ndio uliotutia shaka. Kofia ya mkono iliyovaliwa miaka mingi huwa na umanjano wa jasho na mafuta ya nywele, hasa kwenye pindo. Tulimuuliza, akasema imefuliwa kwa sabuni tu. Tulipoiloweka kutoa wanga, nyuzi za viua zikaanza kuachia zenyewe. Baadaye nduguye akatuambia ililala kwenye jiki usiku kucha, kisha ikatiwa wanga na pasi. Jiki hula pamba. Wanga ndio uliokuwa umeishikilia ile nguo, na ulipotoka, ubovu ukaonekana mikononi mwetu.

Wengine huanika kofia juu ya kopo la maziwa ili ikae umbo. Kopo huacha duara la kutu, mtu akaliendea kwa jiki, na kutu ikazidi kushika. Sisi kutu tunaitoa kwa ndimu na chumvi, juani, tunaitazama, kisha tunaisuuza mpaka ukali wote utoke. Kuanika ni juu ya kalibu ya mbao. Ni kazi ya kukaa nayo, si ya kuitia ndooni ukaenda zako.

Sasa bei. Kiua kimoja ni tundu lililotobolewa kwenye nguo ya tabaka mbili, likazungushiwa uzi mshono kwa mshono. Kofia nzuri ina mamia ya viua, na fundi huweza kukaa nayo miezi. Kukirudisha kiua kilichokatika ni kazi kuliko kushona kipya, maana nguo inayokizunguka imechoka. Ukivuta uzi kidogo tu, inachanika. Kiraka nacho hakiwi cha bafta mpya. Nguo mpya husinyaa ikifuliwa, ikaivuta ile ya zamani. Ndiyo maana tunanunua kofia kuukuu zisizovalika tena, mkituona tunazikusanya mkashangaa. Humo ndimo tunamopata kitambaa chenye umri na rangi inayolingana.

Kofia ya mashine hatuipokei, na tunasema hivyo kwa nia njema: bei ya kuitengeneza itapita bei yake. Ukitaka kujua yako ni ipi, igeuze ndani. Mashine hurudia kila mshono sawasawa. Mkono wa mtu hauendi hivyo.

Mama mmoja alituletea kofia ya mumewe kutoka Maskati. Kofia za Oman na zetu ni ndugu, viua vile vile. Ilikuwa imekunjwa sandukuni na wanga wake: mende wameula, na kwenye mkunjo nguo imekatika kama iliyopitishwa wembe. Haikuwa imevaliwa hata kidogo tangu mwenyewe afariki. Tuliitengeneza, lakini ule mstari bado unaonekana ukiinua kofia kwenye mwanga, na tulimwambia hivyo kabla hajalipa. Kofia ya kuweka ifuliwe wanga utoke, isikunjwe, ijazwe kitambaa laini cheupe ndani.

Kuanzia sasa kila kofia tutaikagua mbele ya mwenyewe, tukiiinua dirishani, na kuipiga picha kabla ya kutia maji. Ileteni na uchafu wake. Kama imepita kwenye jiki, semeni. Hatutakukataa, ila tutaishika kwa namna nyingine na bei itakuwa nyingine. Kazi ya viua kwa ajili ya Idi mwisho wa kupokea ni kumi la kwanza la Ramadhani. Baada ya hapo tunafua na kutia wanga tu.