Kwa Nini Utepe Wetu wa Hatari Unavuka Uzio Wako

Karibu kila tunapokwenda kukagua jengo la kubomoa tunaulizwa: "Jengo lenyewe lina mita 30, mbona utepe mnaupeleka mpaka kwa jirani? Si litashuka hapo hapo?"

Litashuka, ila si lote.

Kifusi kinachoanguka kina safari mbili kwa wakati mmoja. Ya kwenda chini kila mtu anaijua: mvutano wa dunia hukiongezea kasi ya mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde inayopita. Kutoka mita 30 kinatua baada ya sekunde 2.5 hivi, kikiwa na mwendo wa karibu kilomita 87 kwa saa. Kutoka mita 100 ni sekunde 4.5, na mwendo unakaribia kilomita 160.

Safari ya pili ndiyo inayotukosesha usingizi. Nguzo ya chuma ikilemewa hupinda kama upinde kabla ya kukatika, halafu hufyatuka. Tuseme imekirusha kipande pembeni kwa mita 10 kwa sekunde. Kikitoka mita 30 kitaangukia mita 25 kutoka ukutani. Kikitoka mita 100, mita 45. Nguvu ya kukirusha ni ile ile, kilichoongezeka ni muda wa kukaa hewani.

Mnara wa kaskazini wa World Trade Center, New York, ulikuwa na mita 417. Ulipoanguka tarehe 11 Septemba 2001, vipande vyake vililipiga jengo namba 7 lililokuwa umbali wa mita 110 hivi na kuwasha moto ndani yake. Jioni hiyo nalo likaanguka. Wapo wanaodai kwamba ni mlipuko tu ungeweza kuvirusha mbali hivyo, lakini haukuhitajika. Kitu kinachotoka mita 400 hukaa hewani sekunde 9. Kikisukumwa pembeni kwa mwendo wa gari la mjini, kilomita 43 kwa saa, kinavuka mita 100.

Wengine hudhani sakafu ya chini itaupokea mzigo na kuusimamisha. Sakafu imejengwa kubeba uzito uliotulia. Uzito huo huo ukiachiwa ghafla juu yake, hata bila kuanguka sentimita moja, huibana mara mbili. Ukidondoka kutoka urefu wa ghorofa nzima, sakafu haina la kufanya ila kuungana na msafara.

Na kuna hewa, ambayo watu huisahau kabisa. Ghorofa ya mita 40 kwa 40, yenye kimo cha mita 3.5, ina hewa ya tani 6 na ushee. Sakafu ya juu ikishuka kwa mita 30 kwa sekunde, hewa hiyo lazima itokee madirishani, na kwa hesabu ya karatasini mwendo wake unapita mita 80 kwa sekunde. Kata nusu kwa tahadhari, bado ni kimbunga kilichobeba vumbi la zege na vioo. Bati nalo hupaa linakotaka, hivyo mabati na vioo tunaviondoa kwa mikono kabla ya kugusa nguzo yoyote.

Kwa hiyo siku ya ukaguzi tuletee michoro ya jengo kama unayo, na utuonyeshe mlango wa jirani. Tutazungumza naye sisi wenyewe.