Shosti, tuwawahi hawa fomu siksi mapema

Kamwene shosti wangu wa Makete,

Za huko kwenye baridi? Sisi huku Uyole wazima kabisa, mama anakusalimia sana na bado anauliza lini utashuka Mbeya. Nimeona nikuandikie kirefu maana kwenye simu hatumalizi, mtandao wenu unakatika katika, na hili jambo nataka ulisome umetulia halafu unijibu.

Ni kuhusu hawa watoto wetu wa fomu siksi tunaowafundisha, hasa wale ambao kwao hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga chuo. Unawajua vizuri maana mimi na wewe tulikuwa hao hao, wewe baba yako mkulima wa pareto, mimi mama yangu anauza ndizi Mwanjelwa, nani nyumbani angetuambia mambo ya Bodi ya Mikopo yanaendaje? Watu wakisikia kusaidia wanafunzi wa hali ya chini wanawaza hela tu. Hela siibezi hata kidogo na serikali imejitahidi, Bodi inafanya kazi tangu 2005, bumu, yaani hela ya mkopo ya kula na kulala, lilipanda toka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000, ada ya fomu faivu na siksi ikaondolewa 2022/23, na kabla ya hapo 2021 ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilishafutwa. Ila ili uipate hiyo hela lazima kwanza uombe, na kuomba kwenyewe ndo watoto wetu wanakwama.

Hebu fikiria mtoto wa Bulongwa amemaliza mtihani Mei, wenzake wengine wameshaitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), yeye yuko kijijini na simu ya batani, dirisha la mikopo linafunguliwa kwenye mtandao. Anatakiwa awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, na wengi wao hawana kabisa, au wanacho ila jina la kwenye cheti halifanani na la shuleni. Kama ni yatima, na huko kwenu Makete unajua walivyo wengi, anatakiwa cheti cha kifo cha mzazi nacho kihakikiwe, sasa baba alifariki mtoto ana miaka mitatu na hicho cheti hakuna aliyewahi kukifuatilia. Kama kaya yao iko TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, aambatanishe uthibitisho, na hiyo inambeba sana kwenye kupangiwa, lakini anaijua nani? Apate mdhamini, apeleke fomu kwa viongozi wa kijiji wagonge muhuri, aende kwa hakimu au wakili, atafute steshenari apakie kila kitu bila kukosea, na alipie. Mtoto wa mwalimu au wa bwana shamba anafanyiwa haya yote na mzazi kwa siku mbili tatu. Huyu wetu anazunguka mwenyewe, akikosea karatasi moja ndo basi, na hata akipangiwa kidogo hajui kuna dirisha la rufaa. Inaniuma sana hii, kwa sababu ni mtoto mwenye akili, ameshafaulu.

Halafu akifika chuo mambo hayajaisha. Bumu linaweza lisiwe limeingia wiki za kwanza, hana ndugu Mbeya mjini, anaona aibu kusema hajala. Likiingia linaingia la siku nyingi kwa mpigo, huku nyumbani wanapiga simu mdogo wake hana daftari, anatuma, ni haki yake kutuma, ila mwezi haujaisha kakauka. Lecha zinaenda kwa Kiingereza cha kasi, hajui kama anaruhusiwa kumfuata mwalimu ofisini akamuuliza, anafeli somo moja anapewa sapu, mtihani wa kurudia, anaona aibu, hamwambii mtu, mwaka unaofuata unasikia amedisko, ameondolewa chuo kwa kufeli. Kijijini wanasema mtoto wa fulani mjini palimharibu.

Nimekuwa nasoma habari za Marekani, wana mipango ya kuwasaidia watoto kama hawa inaitwa TRIO, ina miaka mingi. Ilianza enzi za Rais Lyndon Johnson kwenye vita yake dhidi ya umaskini, sheria ya 1964 ikazaa Upward Bound, 1965 ikaja Talent Search, 1968 wakaongeza Student Support Services. Kilichonigusa mimi ni kwamba hawamsubiri mtoto afike chuo. Wanamfuata akiwa bado sekondari, anapata masomo ya ziada mwaka mzima, likizo ndefu anapelekwa chuoni wiki kadhaa anaishi na kusoma pale pale ili siku ya kuingia asiwe mgeni, anasaidiwa kujaza fomu za chuo na za msaada wa fedha. Na sheria inataka theluthi mbili ya watoto wawe wametoka familia za kipato cha chini na pia wazazi wao hawana digrii. Akishaingia chuo napo kuna mshauri na watu wa kumfundisha akikwama. Hata hapa kwetu CAMFED, lile shirika linalosomesha wasichana, wana kitu kinachofanana, mabinti waliosaidiwa kusoma wanarudi mashuleni kuwashika mkono wadogo zao, na mimi naamini hiyo ndo njia yetu. Tusisubiri mfadhili wala kusajili taasisi.

Nilichofikiria ni hivi. Kuanzia Januari, kabla hawajazama kwenye mtihani, tukae na kila mtoto tuangalie makaratasi yake, nani hana cheti, nani majina hayafanani, ili RITA tuende mapema. Pili, wale tuliowafundisha ambao sasa wako vyuoni, MUST na TEKU hapa Mbeya, RUCU na Mkwawa kule Iringa, tuwaombe kila chuo wapatikane wawili wa kuwapokea wapya, wawaonyeshe dawati la mikopo liko wapi, bumu linasainiwaje, hosteli zinaombwaje, na wakae nao mpaka mitihani ya kwanza ipite. Jumamosi moja tuwapakie kwenye kosta tuwapeleke MUST waone maktaba na madarasa. Motivesheni spika mimi siwataki, hawa watoto juhudi wanazo tayari, wanachokosa ni mtu aliyeshapita hiyo njia na anapokea simu.

Kwa hiyo naomba unisaidie mawili, niandikie majina ya vijana wako walioko vyuoni na namba zao, ila waombe ruhusa kwanza, na uongee na mkuu wako wa shule kama atakubali tutumie kipindi cha dini au michezo mara moja kwa wiki. Wa kwangu nimeshaongea naye, amekubali. Nauli ya kosta tutachangishana na wenzetu tuliosoma nao Mkwawa, wale wenye ajira watatoa, nitaanzisha grupu nikuweke admini. Majina niyapate kabla shule hazijafunga Desemba, tafadhali, na ukija kula sikukuu tukae siku nzima tupange vizuri.

Wasalimie watoto na shemeji. Ndaga fijo.

Wako wa Uyole