Mhariri, mtuandikie picha ya vita ni ya wapi na ya lini

Mhariri,

Juzi kijiweni kwetu hapa Tandika dogo mmoja kaweka simu juu ya benchi anatuonyesha klipu, ghorofa linashuka, vumbi tupu, mama anatoka mbio na mtoto kamkumbatia, kiatu kimoja hana. Unajua wa kwanza kasema nini? "AI hiyo, cheki vidole," maana picha za kutengenezwa na kompyuta zinasifika kwa kukosea vidole. Mwingine akasema gemu, basi ubishi ukawaka, vidole vikahesabiwa, picha ikavutwa mpaka ikawa ukungu, kahawa imepoa na hakuna aliyeuliza yule mama kafika wapi. Tukahamia Simba na Yanga.

Na wabishi siwalaumu. 2022 waliotengeneza gemu la Arma 3 wenyewe walitoa tamko kwamba klipu za gemu lao zinasambazwa kama vita ya kweli ya Ukraine. Mi mwenyewe nimeungua, Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia Goma nikafowadi picha ya maiti kwenye grupu la ukoo, shemeji akanijibu, "Shem, hiyo ya zamani, na wala sio Kongo." Nikafuta, ila ilishapaa. Sa tangu hapo hata ya kweli naiangalia kipolisi, nichunguze kwanza ndo nione huruma, na kabla sijamaliza kuchunguza inajileta video ya mchekesho, basi imetoka hiyo.

Marehemu baba alitusimulia vita ya Kagera, 1978 hiyo, huku bara TV hakuna (imekuja 1994), Mwalimu walimsikia redioni akisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Picha ya mapigano hakuiona lakini vijana wa mtaani waliokwenda anawataja mmoja mmoja. Sisemi zamani ndo raha, redio ya serikali nayo ilikuwa inakwambia inachotaka. Bila simu El Fasher ya Sudan tungeijulia wapi? Oktoba 2025 wapiganaji wa RSF, kundi linalopigana na jeshi la Sudan, walijirekodi wenyewe wakiua watu wasio na silaha, na wachunguzi wakazitumia klipu zao hizohizo kujua ni wapi na kina nani. Nna uhakika kijiweni kwetu nazo tungehesabu vidole.

Sa ombi langu, mkichapa picha ya vita mtuandikie chini mji gani, tarehe gani na nani kapiga. Hii ya "picha kwa hisani ya mtandao" jamani ni nini? Mtandao una mkono wa kushika kamera?

Ile klipu ya yule mama dogo alinirushia jioni, ina vile vishale viwili vya kufowadiwa sana, nikaitafuta ilikotoka mpaka saa sita usiku bando likakata sijapata. Ipo bado kwenye simu, sijaifuta na sijamtumia mtu.

Msomaji wenu,
Tandika, Dar es Salaam