Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama wa Marafiki wa Maktaba

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, Mzee wetu Mlezi wa Chama, viongozi wa dini na Ndugu wanachama, ndaga fijo kwa kufika.

Taarifa hii nimeiandika jana usiku, kwa hiyo sijui leo tumefika wangapi. Kwa uzoefu nilionao, niliagiza viti arobaini tu viazimwe kanisani, ingawa daftari la chama lina majina 94. Kama kuna waliokosa pa kukaa, nitafurahi sana kuambiwa.

Shughuli za kawaida sitazirefusha, maana mlikuwapo au mlisimuliwa. Kamati ilikutana kila robo mwaka kama katiba inavyotaka. Tulifyeka ua, tukafanya harambee, tukapeleka taarifa na ada ya chama kwa Msajili wa Jumuiya ili usajili wetu usije ukafutwa, tukatembelea Maktaba ya Mkoa pale Mbeya mjini kujifunza namna ya kupanga vitabu na kutunza kumbukumbu za waazimaji. Wanachama wawili walifiwa, chama kikatoa rambirambi. Mengine yamo kwenye kumbukumbu za Katibu, anayetaka azisome.

Sasa nije kwenye jambo lililowaleta leo baadhi yenu ambao mwaka mzima hatukuwaona.

KUHUSU KUPOKEA MAKTABA

Yamesemwa mengi tangu halmashauri ilipotukabidhi uendeshaji wa maktaba yetu. Kwamba Mwenyekiti ameiuza maktaba, kwamba alisaini kwa siri, kwamba halmashauri imetutupia mzigo wake na sisi tumeupokea kwa vigelegele. Nitaeleza kwa utaratibu, maana nikinyamaza itaonekana nimekubali.

Nyumba ile ilijengwa kwa nguvu za wananchi enzi za kisomo. Mwalimu aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wetu, wengine wamekaa humu, walifyatua tofali na kusomba mawe ili waliokwisha kujua kusoma wasije wakasahau kwa kukosa cha kusoma. Baadaye ikawa chini ya halmashauri. Haikuwahi kuwa tawi la Bodi ya Huduma za Maktaba, na hili nalitilia mkazo kwa sababu hakuna kikao kinachopita bila mtu kuinuka na kuuliza kwa nini tusiwaachie Bodi. Ni kweli Sheria Namba 6 ya mwaka 1975 imeipa Bodi kazi ya kuanzisha, kuendesha na kuendeleza maktaba nchini. Lakini Bodi ina Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, ile aliyoifungua Mwalimu tarehe 9 Desemba 1967, ina maktaba za mikoa na za baadhi ya wilaya. Ikifika kwenye kata kama yetu, tunachoweza kutarajia ni ushauri wa kitaalamu, na huo tumeufuata wenyewe.

Mtunza maktaba wetu alistaafu. Nafasi yake haikujazwa. Mlango ukafungwa, ufunguo ukawa unakaa kwenye droo ofisini, na jengo likaanza kutajwatajwa kuwa lingefaa kuwa ghala la mbolea ya ruzuku. Hapo ndipo Kamati ninayoiongoza ilipoandika barua kuomba tukabidhiwe uendeshaji. Barua niliiandika mimi, niliipeleka mimi, na aliyekuwa akiifuatilia masjala ni mimi. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema kwa sababu wapo wanaosimulia habari hii kana kwamba maktaba iliokotwa njiani.

Kuhusu akidi. Katiba yetu inataka nusu ya wanachama, yaani 47. Mkutano wa kwanza wa kujadili makabidhiano walikuja 19, tukauahirisha. Wa pili walikuja 22. Ibara ya 14 inasema mkutano ukiahirishwa kwa kukosa akidi, wa pili utaendelea na waliopo. Tukaendelea na waliopo. Waliokubali 17, waliokataa watatu, wawili hawakuinua mkono upande wowote. Hayo ndiyo mnayoyaita kusaini kwa siri.

Nimeambiwa tangazo lilichelewa na kwamba siku ile kulikuwa na msiba. Tangazo lilibandikwa ofisi ya kata, likasomwa kanisani na msikitini, na likawekwa kwenye kundi letu la WhatsApp, ambako lilipata dole gumba nyingi kuliko watu waliofika. Msiba ulikuwapo, na mimi nilikuwapo msibani. Mkutano ulikuwa saa tatu asubuhi, mazishi saa nane mchana. Aliyetaka kuhudhuria vyote viwili alihudhuria.

Hati ya makubaliano ni ya miaka mitano na nakala imebandikwa mlangoni pa maktaba, ingawa mpaka leo watu huniuliza imeandikwaje. Jengo na vitabu vinabaki mali ya halmashauri. Chama kinashika funguo, kinapanga saa za kufungua, kinalipa umeme, mlinzi na matengenezo madogo. Matengenezo makubwa ni ya halmashauri kadiri bajeti yake itakavyoruhusu. Kifungu hiki cha bajeti ndicho kilichopigiwa kelele zaidi. Ndugu zangu, mlitaka waandike nini? Kwamba watatengeneza hata wasipokuwa na fedha? Mimi niliona bora mlango ufunguliwe kwa kifungu kilicholegea kuliko ubaki umefungwa tukisubiri kifungu kilichonyooka.

Kijana wetu mmoja msomi alituwekea kwenye kundi makala kuhusu Uingereza. Huko, serikali ilipoanza kubana matumizi mwaka 2010 na kuendelea, halmashauri nyingi zilifunga maktaba zao au zikazikabidhi kwa wananchi wa kujitolea, na wapo wanaosema serikali imejivua wajibu wake kwa mgongo wa wananchi. Niliisoma makala yote, tofauti na waliokuwa wakiisambaza. Wenzetu wale wana sheria ya mwaka 1964 inayozibana halmashauri zitoe huduma ya maktaba iliyo kamili na yenye ufanisi, na wana wakutubi wanaolipwa mshahara. Wanapopewa funguo wanakuwa wamenyang'anywa kitu walichokuwa nacho. Sisi tulinyang'anywa nini? Kufuli?

Niwakumbushe tulichokikuta. Tulikabidhiwa shada la funguo kumi na moja, nne tu ndizo zilizoingia kwenye vitasa. Mwalimu mstaafu tuliyekuwa naye alivuta kitabu kwenye rafu ya chini upande wa dirisha, akabaki na jalada mkononi. Ndani mchwa walikuwa wamejaza udongo, na umbo la kitabu limebaki vilevile, wima, kimepangwa vizuri kabisa. Rafu nzima ilikuwa hivyo. Kwenye orodha tuliyoletewa kulikuwa na vitabu 2,300. Vizima tulivyovihesabu ni 1,416. Nikatakiwa nisaini ile orodha kama ilivyo, nikakataa. Nikasema sisaini kitabu nisichokishika. Kikao kilisimama, chai ikapoa, mwishowe orodha ikaandikwa upya. Ningesaini siku ile, leo mngekuwa mnanidai vitabu 884 nami nisingekuwa na pa kuvitoa. Hili sijalisikia likisemwa kwenye kundi.

KUHUSU STESHENARI

Chumba cha mbele, kile kilichokuwa stoo, tumekipangisha kwa steshenari na fotokopi kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Wapo wanaosema tumegeuza maktaba kibanda. Maombi yalikuja matatu. Mmoja alitaka kukaanga chipsi, yaani mafuta na moshi ukuta mmoja na vitabu. Mwingine aliishia 25,000. Tukampa aliyetoa zaidi. Imesemwa pia kwamba mpangaji ni shemeji yangu. Ni shemeji yangu kwa ukoo mpana, kama nusu ya kata hii walivyo mashemeji zangu, na aliyetaka kukaanga chipsi naye ni shemeji yangu kwa upande mwingine. Kodi ile ndiyo inayonunua umeme wa LUKU na kumsaidia mzee wetu mlinzi. Mwenye chanzo kingine cha fedha alete, tutamsikiliza.

FEDHA

Ada ni shilingi 12,000 kwa mwaka, elfu moja kwa mwezi. Katika wanachama 94, waliolipa yote ni 37, wakatoa 444,000. Waliolipa kidogo kidogo ni 11, jumla 58,000. Waliobaki 46 hawajatoa hata senti. Ada yote iliyoingia ni 502,000 wakati ilitakiwa 1,128,000. Kodi ya chumba kwa miezi kumi ni 400,000. Harambee ilileta 1,350,000, na hapa niseme wazi kwamba sehemu kubwa ilitoka kwa wenzetu walioko Dar es Salaam na Mbeya mjini, ambao niliwapigia simu mimi mwenyewe mmoja mmoja. Jumla ya mapato 2,252,000. Matumizi: paa, yaani bati 28 za geji 30, mbao, misumari na fundi, 1,180,000; mlinzi 600,000; umeme 142,000; rafu na dawa ya mchwa 215,000. Jumla 2,137,000. Salio 115,000, lipo benki.

Wanaohoji paa kwa nini limechukua fedha nyingi hivyo, nawaomba wakumbuke tunaishi wapi. Huku kwetu mvua ikianza Novemba haituachii mpaka Mei. Tulikuwa na ndoo sita ndani, na mojawapo ilikuwa juu ya meza ya kusomea. Halmashauri ilipoombwa ilijibu kwamba bajeti ya mwaka huo imeshapita. Tungesubiri mwaka mwingine, hata hivyo vitabu 1,416 visingebaki.

Gazeti la kila siku wanalosoma wazee pale barazani halimo kwenye matumizi haya. Nalinunua mimi, na sijawahi kuleta risiti.

ZAMU NA MAHUDHURIO

Hapa ndipo ninapoumia. Maktaba inafunguliwa siku tano kwa wiki, saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, kwa zamu za wanachama. Walioandika majina kwa hiari yao ni 30. Wanaokuja ni tisa, na kati ya hao tisa, saba ni wanawake. Wanaume wa chama hiki tunaonekana siku ya mgeni rasmi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni akiondoka funguo zinabaki kwa mama zetu walewale.

Daftari la wasomaji lina majina 3,140 tangu tufungue. Wengi ni wanafunzi. Oktoba na Novemba, Kidato cha Nne wanapokaribia mtihani wao wa taifa, watoto hukaa hadi sakafuni, na jioni kukiwa na ukungu balbu mbili hazitoshi. Nao hawadaiwi ada. Vijana waliomaliza shule ndio waliopanga vitabu upya kwa namba, wakabandika vipande vya karatasi: historia ya Tanzania 967.8, fasihi ya Kiswahili 896.392, kilimo 630. Nawapongeza kwa majina yao kwenye ubao pale nje. Rafu ya 630 ndiyo inayoulizwa zaidi na ndiyo inayonitia aibu. Watu wanakuja wakitaka kusoma habari za parachichi, miche, magonjwa yake, namna ya kuvuna bila kulichubua. Sisi tunavyo vitabu vya pareto na ngano vya miaka mingi. Mkulima mmoja alikaa nusu saa akisoma cha pareto kwa heshima tu, akatuaga, hakurudi.

MATARAJIO

Mungu akitujalia, mwaka ujao tunatarajia kupata kompyuta na intaneti, kona ya watoto, na ikiwezekana kijana aliyesomea ukutubi Bagamoyo atakayekubali kuanza na posho ndogo. Mazungumzo na wadau yanaendelea na yana matumaini. Mheshimiwa Diwani ameahidi kulibeba suala la balbu na vitabu vya kilimo kwenye vikao vyake, na mimi nitamfuatilia kama nilivyofuatilia ile barua.

Kuhusu minong'ono kwamba nataka uenyekiti wa maisha: uchaguzi ni mwakani kwa mujibu wa katiba, na fomu zitakuwa kwa Katibu. Anayeitaka kazi hii aanze kwa kuandika jina lake kwenye zamu ya Jumatano, ambayo tangu Pasaka haina mtu, naifungua mimi. Katiba pia inasema asiyelipa ada hapigi kura. Kifungu hicho sikukitunga mimi, kilipitishwa na mkutano mkuu ambao, nashukuru, ulikuwa na akidi.

Mhazini amekaa mezani karibu na mlango na kitabu cha stakabadhi. Anapokea fedha taslimu na kwa simu, na hata nusu anapokea. Nimemwomba asiondoke mpaka mtu wa mwisho atoke.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti