Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mafunzo mawili, matembezi matatu ya msituni na ununuzi wa hadubini mliviona wenyewe, sivirudii. Wanachama ni 46, waliolipa ada ni 19. Mkutano wa Juni ulikosa akidi, na chai ilikuwa imeshanunuliwa.

Nije kwenye suala la lebo za uyoga wetu, maana maneno yamekuwa mengi. Ndiyo, mimi ndiye niliyependekeza jina la kisayansi Ganoderma lucidum liondolewe kwenye mifuko ya mbegu za uyoga zitokazo China na kwenye bahasha 31 za vielelezo vya mwitu. Kamati ilipitisha, muhtasari wa kikao upo.

Jina hilo lina mwenyewe. Mwaka 1781 mtaalamu wa mimea Mwingereza, Curtis, aliuelezea uyoga wa London akauita Boletus lucidus, na Karsten, mtaalamu wa kuvu wa Finland, alipounda jenasi (kundi la spishi) Ganoderma mwaka 1881 akaijengea juu ya uyoga huo huo. Unaolimwa China ni mwingine: ukiwa mbichi, matundu ya chini ya kofia ni ya manjano, ya ule wa Ulaya ni meupe, ukiupasua, nyama ina mistari myeusi. Mwaka 2012 ukaitwa Ganoderma lingzhi. Mnasema wateja wamezoea lucidum. Wamezoeshwa na sisi.

Wapo wanaodai tungeandika Ganoderma sichuanense, jina la 1983. Hapo wana hoja: zikiwa spishi moja, jina lililotangulia ndilo linaloshinda, nasi tutabandika upya. Ila aliyepaza sauti kuliko wote kuhusu hilo hajalipa ada tangu mwaka juzi.

Vielelezo vya mwitu vitabaki “Ganoderma sp.”, yaani spishi haijajulikana, hadi vipimwe. Mng'ao wa kofia hautoshi kuitambua spishi. Mara nyingi umefunikwa na vumbi la kahawia, ambalo ni spora (chembe za uzazi) za uyoga wenyewe. Kwa kupima, tumia spora zilizodondoka zenyewe juu ya kioo, si za kukwangua kwenye mirija michanga ya chini ya kofia, kwani zisizokomaa hupotosha vipimo. Weka tone la KOH (potasiamu hidroksidi) asilimia 5, tumia lenzi ya mafuta ya hadubini, ukuzaji mara 1,000, pima spora 30. Kwenye kila spora tafuta kuta mbili na ncha moja iliyo butu kama imekatwa. Bahasha saba zimeota ukungu kwa sababu vielelezo vilikaa kwenye nailoni vikiwa vibichi. Ni mfuko wa karatasi, kisha kukausha kwa nyuzi 40 hadi viwe vikavu kau. Nilishalisema hili mara ngapi?

Mwakani, Mungu akijalia, tutapeleka sampuli kadhaa zikapimwe DNA, fedha zikipatikana. Mhazini amekaa mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti