Mfupi asipelekwe namba mbili kabla hajapimwa mbele ya goli

Ndugu Mhariri,

Kila mchujo wa timu za UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) unapokaribia, hapa Mtwara na kwa jirani zetu wa Lindi husikika kauli ile ile pembeni mwa uwanja: huyu mdogo, mpeleke namba mbili, yaani beki wa kulia. Namba tisa, ya mshambuliaji wa kati, anapewa mrefu, hata kama mpira humgonga goti na kwenda zake. Naomba nafasi niwakumbushe makocha wenzangu habari za Kevin Phillips, mshambuliaji wa zamani wa England, ambaye nusura apotee kwa mtindo huu huu.

Phillips alizaliwa Hitchin mwaka 1973. Akiwa kijana wa mafunzo Southampton alichezeshwa beki wa kulia, na kazi yake mojawapo ilikuwa kusafisha viatu vya mshambuliaji Alan Shearer. Southampton wakamwacha. Akaangukia Baldock Town, timu ya madaraja ya chini ambako mchezaji anakuwa na kibarua kingine mchana, na huko ndiko kocha Ian Allinson alipomsogeza mbele. Watford walimchukua msimu wa 1994/95 kwa paundi 10,000, kisha Sunderland wakamnunua mwaka 1997 kwa paundi 325,000. Msimu wa kwanza alifunga mabao 35 katika mashindano yote. Wa pili, jeraha la kidole cha mguu lilimweka nje kwa miezi, bado akafunga 23 katika mechi 26 za ligi, na Sunderland wakapanda daraja wakiwa na pointi 105. Ligi Kuu ya 1999/2000 akapachika 30 katika mechi 36. Shearer, mwenye vile viatu, alimaliza na 23. Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya, tuzo ya mfungaji bora wa ligi za Ulaya, kikawa cha Phillips, na hakuna Mwingereza mwingine aliyekitwaa mpaka Harry Kane wa Bayern Munich mwaka 2024.

Kimo chake ni kama sentimita 170. Wengi wa vijana tunaowasukumia pembeni wanamfikia.

Lakini tusijidanganye kwamba ukimweka mfupi mbele basi mabao yatakuja yenyewe. Pale Sunderland Phillips alicheza na mshambuliaji mwenzake Niall Quinn, mrefu wa sentimita 193, na wawili wale walifanyishwa kazi. Quinn hakuwa akipiga kichwa ili mradi mpira uondoke. Aliudondosha ubavuni mwa beki, na Phillips alikuwa ameshaanza kukimbia kabla Quinn hajaruka. Hapo ndipo timu zetu zinapokosea. Mfupi anasubiri aone mpira unaangukia wapi, na akishaona, beki naye keshageuka. Kosa la pili ni umbali. Wakiwa mita 15 kati yao, mpira uliodondoshwa unaokotwa na kiungo wa wapinzani. Wakiwa mita mbili, wanarukia mpira mmoja wote wawili. Mita tano hadi nane zinatosha, mfupi akisimama nyuma ya bega la beki wa kati wa pili, asikoonekana kirahisi, huku macho yake yakiwa kwenye mstari wa kuotea.

Zoezi lake halina gharama. Mpigaji mmoja asimame mita 30 kutoka kwa mrefu, kipa golini, beki mmoja, mipira kumi (kama ni mitatu, weka waokotaji). Dakika 15 kwa siku zinatosha. Zaidi ya hapo shingo zinachoka na vichwa vinapigwa ovyo. Anza na migusano miwili kwa mfupi, kisha mmoja. Kwa watoto wa UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi), achana kabisa na vichwa: rusha mpira kwa mkono, mkubwa audondoshe kwa kifua. Uingereza kwenyewe chama chao cha soka kilitoa mwongozo mwaka 2020 kwamba watoto wa shule ya msingi wasifundishwe kupiga vichwa mazoezini.

Viwanja vyetu vina lake jambo. Kwenye udongo mgumu, mpira uliopigwa kichwa kwenda chini unadunda na kumpita mfupi juu ya bega. Mrefu aupige kwa kulaza, kuelekea pembeni. Na kusi ikivuma alasiri, mpira mrefu unaopigwa dhidi ya upepo unafia njiani. Mpigaji asogee mita kumi mbele au apige chini. Kocha anayelaumu washambuliaji kipindi kizima bila kuangalia bendera ya kona anawaonea.

Kuna bao moja ningependa kila kijana alisikie. Agosti 1999, mvua kubwa, Newcastle wako nyumbani dhidi ya Sunderland na Shearer wao kaanzia benchi. Quinn amesawazisha kwa kichwa. Phillips anapiga, kipa Tommy Wright anaokoa, mpira unamrudia akiwa pembeni mwa boksi pembe ikiwa finyu, naye anaubetua juu ya kila mtu hadi wavuni. Sunderland 2–1. Shuti la kwanza halikuwa la ajabu. Ajabu ni kwamba hakusimama kushika kichwa kama wafanyavyo vijana wetu kipa akiokoa.

Timu ya taifa haikumfaa: mechi nane, bao sifuri. Kwa maoni yangu kule alikosa mtu wa kumdondoshea mipira, na kwa aina yake ya uchezaji hilo ni pengo kubwa. Ila kwenye klabu aliendelea muda mrefu. Mwaka 2013, akiwa na miaka 39, aliipandisha Crystal Palace kwa penati ya muda wa nyongeza dhidi ya Watford ile ile iliyomwokota.

Kwa hiyo, ombi kwa kamati za mchujo: mbio za mita 100 na kupima kimo viwekwe kando. Pimeni mita tano na mita kumi za kwanza. Chezesheni watano kwa watano dakika 20, magoli madogo, na mtu mmoja aandike daftarini ni nani aliyeufuata mpira baada ya shuti kuokolewa. Asiye na jina kwenye daftari hilo asipangwe namba tisa.

Mwalimu wa soka la vijana,
Mikindani, Mtwara